Jirani wa Kiti cha Tano

Jumanne, 14 Septemba 2004

Kilo mbili na nusu za maji zimenizidi mwilini tangu Jumamosi. Bi Mwanaisha, anayetufunga kwenye mashine, alitikisa kichwa mizani ilipotulia. Ni wa Mombasa na hanionei haya.

"Mzee wangu, chai wainywa ama waioga?"

Nikamwambia chai ya Rukia haikataliki. Akasema basi atampigia simu huyo Rukia. Rukia ni binti yangu. Ninaishi kwake, hapa Richardson, karibu na Dallas.

Kiti cha nne, kama kawaida. Sindano mbili. Saa nne za kusafishwa damu. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Niliomba siku hizo ili Ijumaa ibaki ya msikiti.

Jirani alikuwa amekwisha fika, kiti cha tano, kofia usoni. Tumekaa hivi tangu Machi. Miezi miwili ya mwanzo hatukusemezana. Nilidhani ananidharau. Baadaye akanieleza kuwa kwao mtu hamparamii mgeni kwa maneno, hungoja amzoee. Kwetu adabu ni kumuuliza mtu hali yake, ya wazee, ya watoto, ya kazi, mpaka achoke. Kumbe kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake aonyeshe malezi.

Ni Mwapache, wa milima ya Mescalero, New Mexico. Aliletwa Dallas kijana, wakati serikali ilipokuwa ikiwapa watu wa makabila ya asili tiketi waende mijini kutafuta kazi. Akachomelea vyuma katika kiwanda cha ndege mpaka alipostaafu. Mke wake amekufa. Hawakupata mtoto. Mimi nilitoka Unguja nina miaka ishirini na tisa, nikiwa mwalimu wa historia. Historia ya watu wake sikuifundisha kwa sababu sikuijua.

Namwita Jirani. Jina lake ninalijua, lakini kwao si adabu kumwita mtu jina lake usoni. Jina hutolewa kwa jambo zito. Naye haniiti Maalim kama wengine. Ananiita "wewe wa hapo."

Nimenunua daftari lenye jalada la kijani, mbali na shajara hii. Nitaandika humo anayonieleza, kwa Kiswahili. Sijui kama yuko aliyewahi kuyaandika kwa lugha yetu. Nimemwomba ruhusa. Alifikiri muda mrefu, hata nikadhani amelala. Kisha akasema: andika, lakini andika sawasawa.

Alhamisi, 16 Septemba

Alilala saa zote nne. Sikuandika kitu. Mvua.

Jumamosi, 2 Oktoba

Leo habari za chakula.

Bibi zake walikuwa wakipanda milimani kutafuta mmea wenye majani manene, magumu, yenye miiba nchani. Alinichorea. Nilitaka kusimama, sindano ikanikumbusha. Ni jamaa ya mkonge! Mkonge wetu uliletwa Afrika kutoka bara hili hili. Sisi tuliufanya kamba na magunia, na watu walivunjika migongo katika mashamba yake. Waapache walikuwa wakiula.

Wanawake ndio waliokuwa mafundi. Walichonga gongo ncha, wakang'oa mmea, wakapunguza majani mpaka ukabaki moyo wake, mkubwa kama kichwa cha ng'ombe. Walichimba shimo, wakapanga mawe, wakawasha moto hata mawe yakageuka rangi. Kisha mioyo ikaingia, ikafunikwa udongo na nyasi mbichi. Siku nne. Hakuna kufukua kabla.

Nikamuuliza: na mtu akiwa na njaa siku ya pili?

"Anakuwa na njaa," akasema.

Nne iko kila mahali katika maneno yake. Siku nne, pande nne, nyimbo nne nne. Nimeiandika pembeni kwa wino mwekundu.

Anasema moyo huo ukiiva ni mtamu. Mtamu kama nini? Kama tende? Hajapata kula tende.

Jumanne, 5 Oktoba

Nimempelekea tende. Alikula moja, akafumba macho. "Unakaribia," akasema. "Siyo yenyewe." Akachukua ya pili. Bi Mwanaisha alituona.

"Tende! Na sukari zenu hizo! Hebu leteni hapa. Mwataka niitwe muuaji?"

Jirani akauliza mwanamke huyu anasema nini. Nikamwambia anasema tunapendeza. Akasema uso wake hausemi hivyo.

Alhamisi, 21 Oktoba

Ramadhani, na sifungi. Daktari amekataza, dini imeruhusu, moyo haujakubali. Nalisha maskini kwa kila siku ninayokula. Nilifika kituoni nimenuna. Jirani aliniuliza ni nini, nikamweleza. Hakunipa pole. Alinipa hadithi ya bibi yake, mzaa mama.

Bibi huyo alizaliwa mfungwa. Watu wake, Wachirikawa, tawi la Waapache, walipojisalimisha kwa jeshi la Marekani walipakiwa kwenye treni, wanaume kwa wanawake na watoto. Hata wale waliokuwa wakilitumikia jeshi kwa kulitafutia njia milimani walipakiwa. Florida, kisha Alabama, kisha Oklahoma. Watu wa nchi kavu wakatupwa kwenye unyevunyevu. Wakafa kwa kifua kikuu. Watoto wakubwa walichukuliwa shule ya mbali, wakanyolewa nywele. Miaka ishirini na saba walihesabiwa wafungwa wa vita, na vita vyenyewe vimekwisha zamani. Walipofunguliwa waliambiwa wachague: kubaki Oklahoma au kwenda Mescalero kwa jamaa zao wengine. Arizona, kwao kwenyewe, hakukuwemo katika kuchagua. Bibi alikuwa msichana alipoteremka Mescalero. Alikuwa hajapata kulala nje ya ulinzi wa askari.

Niliuliza kama alikuwa na uchungu maisha yake yote.

"Alikuwa na bustani," Jirani akasema.

Niliandika mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha nikamuuliza jina la mama yake. Kwetu historia bila nasaba haisimami. Akanyoosha mkono ulio huru, akachukua kalamu yangu, akaliandika mwenyewe katika ukurasa. Hakulitamka. Chini yake akaandika na lake.

Ndipo akanieleza. Aliyekufa hatajwi jina. Kumtaja ni kumwita, na aliyeitwa hugeuka nyuma, naye ana safari. Zamani kibanda chake kilichomwa moto, watu wakahama. Vitu vyake huzikwa naye au huchomwa. Hakuna kurithi blanketi, hakuna kuweka kofia ukutani kuwa kumbukumbu.

Hata karatasi? nikauliza.

Bi Mwanaisha akaja kumpima presha, nami sikuuliza tena.

Jumamosi, 13 Novemba

Msikiti wetu Idi kesho. Wengine wameswali leo. Ugomvi wa mwezi umetufuata mpaka Texas.

Jirani alikuwa na furaha leo. Kanieleza mambo ya wakwe. Kwao mume huhamia kwa watu wa mkewe na kuwawindia. Lakini yeye na mama mkwe hawaonani maisha. Mmoja akiingia, mwingine hutoka. Ni heshima, si uadui. Mke wa Jirani alishikilia adabu hiyo hata hapa mjini. Nyumba yao ya kwanza, mtaa wa Oak Cliff, ilikuwa na mlango mmoja, na mama mkwe akaja kutembea wiki mbili.

"Nikawa natokea dirishani. Majirani wakaniitia polisi."

Bi Mwanaisha alicheka mpaka akaegemea mashine. Nikamwambia Jirani kwetu pia mkwe ana heshima zake. Wako wazee ambao hawakuwahi kula mbele ya mama mkwe.

"Lakini mnaonana?"

"Tunaonana."

"Pole," akasema.

Jumanne, 7 Desemba

Tangu Septemba nimekuwa nikimwomba hadithi za mbweha. Alikataa. Mbweha husimuliwa wakati wa baridi tu, nyoka wakiwa wamelala. Leo asubuhi kulikuwa na jalidi kwenye kioo cha gari. Nilipokaa tu akaanza.

Alisimulia mbili. Ziko kwenye daftari la kijani, kurasa saba. Mbweha wa kwao ni kama Sungura wetu: mjanja, mlafi, na mwisho anaumbuka. Jirani hubadilisha sauti. Mtu huyu asiyependa maneno alinifanyia sauti ya kunguni aliyemo katika hadithi ya pili. Nimecheka kama sijacheka tangu mama watoto afariki.

Mwisho wa saa nne presha yake ilishuka sana. Midomo ilikuwa kijivu. Walimlaza kichwa chini, miguu juu. Akasema ya tatu ataisimulia akipata nguvu.

Daftari sasa lina kurasa themanini na moja. Linaweza kuwa kitabu. Nimelisema jambo hilo kwa sauti, peke yangu, chumbani.

Alhamisi, 6 Januari 2005

Kiti cha tano kitupu. Bi Mwanaisha hakunitazama.

Jumamosi, 8 Januari

Amekufa. Jumatano alfajiri, moyo. Wauguzi hawaruhusiwi kutuambia habari za wagonjwa wengine. Bi Mwanaisha aliinama kama anayenirekebishia mrija, akaniambia sikioni. Watu wake wamekwisha mchukua kwao na kumzika. Dada yake anarudi kesho kuondoa vitu kwenye nyumba aliyopanga Garland.

Mkono mmoja umefungwa, mwingine una kipima presha. Machozi niliyaacha yatiririke.

Kesho nitakwenda. Haiwezekani mtu akae na mwenzake kiti kwa kiti miezi kumi, kisha asiende kutoa pole.

Jumapili, 9 Januari

Nimeharibu.

Rukia alinipeleka. Tulichukua mikate ya kumimina na chupa ya kahawa. Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na dada yake, mwanamke mfupi, nywele zimekatwa sasa hivi, bila mpangilio, na wanaume wawili waliokuwa wakifunga vitu katika mablanketi. Harufu ya moshi wa majani fulani. Hapakuwa na kiti hata kimoja kilichobaki. Walitupokea. Dada mtu alinijua. "Wewe ndiye wa hapo," akasema.

Nami nikafanya ninavyojua. Nilisimama katikati ya chumba, nikanyanyua mikono, nikamwombea. Kwetu maiti huitwa. Kaburini anaitwa kwa jina lake na la mama yake, ili asikie, ajue wanaomzungumzia ni watu wake. Nilisema kwa Kiingereza ili nao waelewe. Nikamtaja. Nikamtaja mwana wa nani. Mara tatu, kwa sauti ya darasani.

Nilipofumbua macho wale wanaume hawakuwemo. Dada yake alikuwa amegeukia ukuta, viganja masikioni.

Hakunifukuza. Rukia alinishika mkono, tukatoka. Mikate tuliiacha sakafuni.

Garini Rukia akauliza, "Baba, umewafanya nini?"

Jumatatu, 10 Januari

Nimefungua daftari la kijani. Neno limo. Ukurasa wa thelathini na nne, kwa mwandiko wangu mzuri, limepigiwa mstari: "Aliyekufa hatajwi jina."

Sikusahau. Ndiyo aibu yenyewe. Nililijua kama mtu anavyoujua mto ulio kwenye ramani. Sikuwaza kuwa siku moja nitaufikia na kuwa una maji.

Na nilimtaja na mama. Jina ambalo yeye, mwanawe, hakuthubutu kulitoa kinywani.

Sikula.

Jumatano, 12 Januari

Leo ni tarehe ile. Miaka arobaini na moja. Kila mwaka siiandiki, leo nitaandika kidogo.

Wiki ya kwanza ya mapinduzi watu walikuwa wakipekua nyumba. Baba yangu alikuwa na makaratasi: nasaba za jamaa, mashairi aliyoyakusanya, barua za babu yake. Hayakuwa na siasa. Lakini yalikuwa kwa hati za Kiarabu na hatukujua mpekuzi angeyasoma vipi. Mama aliyachoma yote jikoni, chini ya sufuria ya wali, fungu kwa fungu. Baba alikaa kizingitini akitazama. Wali ule tuliula. Tangu siku ile sijachana karatasi iliyoandikwa kitu. Rukia ananicheka kwa risiti ninazoweka.

Na leo hii, katika siku zote, simu ikalia. Dada yake. Bi Mwanaisha alimpa namba. Sauti ya upole. Hakugusia Jumapili. Alisema kaka yake alimwambia kuna mtu anaandika maneno yake. Mwisho wa wiki wanarudi milimani na vitu vyote vilivyobaki, na huko vitachomwa. Akauliza: kuna karatasi?

Nilisema hapana. Nilisema ni mambo ya dawa tu, vipimo, kumbukumbu za hospitali.

Akasema Jumapili ndiyo siku ya mwisho atakuwa Garland, akakata.

Nimemdanganya mfiwa. Nina miaka sitini na tisa.

Alhamisi, 13 Januari

Kiti cha nne. Presha juu. Bi Mwanaisha aliuliza nina nini, nikasema usingizi.

Kama nikimpa, hakuna nakala ila haya machache niliyoyadokeza humu. Kurasa themanini na moja. Bibi mwenye bustani, shimo la mawe, mbweha. Hakuna mtu Unguja wala Mombasa atakayejua kuwa mkonge una moyo unaoliwa, na kwamba wanawake walingoja siku nne. Kama nisipompa, basi nimekaa na jina lake mezani kwangu, naye kwa imani yake hawezi kwenda.

Siiamini imani hiyo. Mimi naamini roho iko kwa Mola wake na haitii karatasi yangu. Lakini yeye aliamini. Roho ni yake.

Ijumaa, 14 Januari

Nilitoka msikitini na hila. Nitanakili yote katika daftari jingine bila majina. Lile lenye majina nitampa. Kila mtu atapata chake.

Nilikaa mezani baada ya Alasiri. Kurasa tatu, nne. Mwandiko mzuri. Pale palipokuwa na jina niliandika "mzee mmoja." Nilipofika kwenye shimo la mioyo nikasimama. Nilikuwa nanakili maneno ya mtu haraka haraka ili dada yake asiwahi. Mlango nimeufunga kwa ufunguo, katika nyumba ya binti yangu mwenyewe. Salma, mjukuu wangu, aligonga akitaka kamusi. Nilifunika kitabu kwa kanzu kama mwizi.

Nimezikunja kurasa nne nikaziweka ndani ya daftari la kijani. Nimempigia simu dada mtu. Nimesema: nilisema uongo, karatasi zipo, nitazileta.

Akasema, "Najua zipo." Kisha: "Njoo mapema."

Jumapili, 16 Januari

Nyumba tupu kabisa sasa. Zulia, na sanduku moja la karatasi ngumu karibu na mlango: kofia yake, viatu vya kazi, kikombe. Tulikaa sakafuni. Magoti yangu yalilalamika na yake pia. Tuliyasikia yote manne. Rukia alibaki garini kwa kutaka mwenyewe.

Nilianza kuomba radhi. Nilikuwa nimeiandaa hotuba. Alinyanyua kiganja.

"Hukujua."

Nikasema nilijua. Kaka yake alinieleza mwenyewe, nikaandika.

Alinitazama kwa mara ya kwanza machoni. Kisha akacheka kidogo, puani. "Basi wewe ni mbaya kuliko nilivyodhani," akasema. Nikajua yamekwisha.

Nikampa daftari. Alilifungua. Hakuweza kusoma neno, lakini majina yana sura moja kwa lugha zote, na mwandiko wa kaka yake aliutambua. Alipofika ukurasa ule alioandika marehemu, aliweka kiganja juu yake na kukaa hivyo.

Kisha akanirudishia, akasema nisome. Nikaanza kutafsiri. Akasema hapana, kwanza kama ulivyoandika. Anataka kusikia maneno ya kaka yake yalikuwa na sauti gani huko yalikokwenda.

Nikasoma kwa Kiswahili, kisha Kiingereza, ukurasa kwa ukurasa. Kila palipokuwa na jina nilisema "yeye," na ulimi ulizoea upesi. Kwenye shimo la mioyo alinikatiza.

"Alikwambia alichimba?"

Nikasema hapana, alisimulia tu.

"Kwa sababu hakuchimba. Mimi na dada zangu tulichimba. Yeye alikuwa akilala chini ya gari la baba, anakuja siku ya nne na sahani."

Alirekebisha na mengine. Gongo la kuchimbia lilikuwa la mti gani. Nyasi zilitangulia, si udongo. Kalamu ilikuwa mfukoni na sikuigusa. Nilipofika kwa bibi aliyezaliwa mfungwa alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kitu ambacho kaka yake hakuniambia: bibi huyo alipanda mahindi kila mwaka hata alipokuwa haoni vizuri, na hakuweka ua kuzunguka bustani. Kulungu wakala, majirani wakachuma. Watu walimwambia aweke ua. Hakuweka mpaka alipokufa.

Nilimaliza na mbweha. Nilifanya sauti ya kunguni, vibaya. Akaziba mdomo asicheke.

Tulipomaliza ilikuwa adhuhuri imepita. Nilifunga daftari, na zile kurasa nne ndani yake, nikaliweka katika sanduku mwenyewe, juu ya viatu. Mkono wangu haukutaka kutoka. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nikamuuliza, na niliyoyakumbuka je?

"Kichwa chako siwezi kukitia motoni," akasema. "Ingawa nilifikiria, Jumapili ile." Kisha akanyanyuka kwa kushika ukuta. "Sema unayoyakumbuka. Yeye umwache aende."

Aliwasha majani makavu katika kibati, akapitisha moshi mikononi mwangu na kichwani, kunitakasa. Aliniuliza kwanza kama dini yangu inaniruhusu. Nikamwambia Mungu anajua nia ya moshi. Nikamsaidia kubeba sanduku mpaka kwenye lori dogo. Lilikuwa jepesi.

Garini Rukia alinusa kanzu yangu, akateremsha kioo.

Jumatatu, 17 Januari

Baridi. Nimelala mchana kutwa. Mezani pana nafasi daftari lilipokuwa. Inaniuma. Si kidogo.

Salma alikuja kukaa kitandani. Anajibu kwa Kiingereza kila nimwambialo, nami nimeacha kugombana. Nilimweleza habari za mmea ulio jamaa ya mkonge. Ikabidi kwanza nimweleze mkonge. Alisikiliza mpaka siku ya nne.

Jumanne, 18 Januari

Kilo mbili na nusu. Sindano mbili. Mshipa wa kushoto umechoka, wakatumia wa juu.

Kiti cha tano kina mtu. Mzee Mkongomani, wa Uvira, mwembamba, suti nzima, tai na kofia kana kwamba anakwenda kanisani. Ni siku yake ya kwanza na anaogopa. Alinisikia nikiongea na Bi Mwanaisha, uso ukamfunguka. "Unasemaka Kiswahili, papa? Mungu ni mwema." Aliniuliza nyumbani ni wapi, watoto ni wangapi, mashine hii inauma namna gani. Nilijibu yote. Nikamuuliza na yeye, mpaka tukachoka.

Baadaye akaugusa mkono wa kile kiti.

"Nani alikuwa anaikalaka hapa?"

"Jirani yangu. Amefariki."

Akavua kofia. "Jina yake nani? Nimuombee."

"Muombee tu, mzee wangu. Mungu anamjua."

Alinitazama kidogo. Kisha akafumba macho, akaomba kwa sauti ya chini, kwa lugha ya kwao ambayo siielewi. Nje jua lilikuwa limetoka, na zilibaki saa tatu za mashine.